Elektroni Moja na Majirani Zake: Kiyeyushi Kinavyobadili Spektra ya Lebo ya Spini



Chukueni fuwele za TEMPO, dutu ya rangi ya chungwa iliyoiva. Pimeni kiasi kilekile mara nne. Sehemu ya kwanza iyeyusheni katika heksani, ya pili katika ethanoli, ya tatu katika maji, na ya nne katika gliseroli, ule uowevu mzito unaotiwa kwenye vipodozi na dawa za kikohozi. Kila myeyusho uvuteni ndani ya kijirija chembamba cha kioo, mzibe ncha zake, kisha mviingize kimoja kimoja katika mashine ya resonansi ya sumaku ya elektroni. Dutu ni ileile, kiasi ni kilekile, halijoto ya chumba haikubadilika. Hata hivyo mtapata michoro minne isiyofanana. Wa heksani na wa maji, ukiitazama haraka, utadhani ni mamoja: mistari mitatu, yote imesimama. Weka rula. Mistari ya maji imeachana zaidi. Wa gliseroli hauhitaji rula, kwa maana mstari wake wa tatu umelala, mfupi na mpana, ilhali wa katikati bado umenyooka.

Wanafunzi wa kemia tunawazoesha kuona kiyeyushi kama mbebaji tu. Kazi yake ni kushika dutu ili tuipime, na kipimo kikishatoka tunaandika jina la kiyeyushi kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Mbele ya lebo za spini kama TEMPO mazoea hayo hayafai. Hapa kiyeyushi ni nusu ya kipimo. Kinaandika mahali patatu katika mchoro: kwenye umbali kati ya mistari, kwenye umbo la mistari, na kwenye upana wake. Kila mahali pana sababu yake, na makosa mengi niliyoyaona katika ripoti za wanafunzi, na hata katika makala za wakubwa, yanatokana na kusoma sababu moja mahali pa nyingine.

Tuanze na kinachopimwa. Elektroni ni kisumaku kidogo mno. Katika molekuli nyingi elektroni hukaa mbili mbili, spini zikielekea pande zinazopingana, usumaku wao ukafutana. Ikibaki moja bila mwenzake, usumaku haufutiki, na ukiiweka molekuli hiyo katika ugasumaku mkali, elektroni itafyonza mawimbi ya maikro ya masafa maalumu. Jambo hili lilionwa mara ya kwanza mwaka 1944 na Yevgeny Zavoisky katika mji wa Kazan, vita kuu ikiwa bado haijaisha. Mashine za kawaida za leo hutumia mawimbi ya gigahetzi 9.5 hivi pamoja na sumaku ya gausi kama 3,400. Masafa hayabadilishwi, ugasumaku ndio unaopandishwa polepole, na kila elektroni inapofyonza, kalamu inachora. Msishangae kuona kila mstari una kilima kikifuatwa na bonde, kwani mashine hurekodi mteremko wa ufyonzaji, si ufyonzaji wenyewe.

Shida ya elektroni pweke ni kwamba haidumu. Molekuli yenye elektroni ya namna hiyo hutafuta mwenzi na kuungana naye kabla hujafunga kizibo cha chupa. Naitroksidi, molekuli zenye elektroni pweke kwenye kundi la naitrojeni na oksijeni, ndizo zilizotuokoa. Ya kwanza kujulikana ni chumvi ya Edmond Frémy, Mfaransa, ya mwaka 1845, na hata hiyo ilikuwa tayari inatoa fununu ya mada yetu: ikiwa kavu ni ya manjano, kwa kuwa molekuli zake zimeshikana mbili mbili, lakini ikitiwa majini zinaachana na maji yanakuwa zambarau. Mwaka 1960 Lebedev na Kazarnovskii, wakemia wa Umoja wa Kisovieti, walitengeneza TEMPO. Siri ya uimara wake ni makundi manne ya methili yanayolizunguka kundi la naitrojeni na oksijeni na kuzuia wengine kulisogelea. Baada yao Rozantsev na wenzake walionyesha kwamba unaweza kufanya kemia upande mmoja wa molekuli bila kuigusa elektroni iliyo upande wa pili. Ugunduzi huo ndio uliofungua mlango, maana sasa naitroksidi iliweza kupachikwa kwenye kitu kingine. Mwaka 1965 Harden McConnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaipachika kwenye molekuli za uhai, wakaipa jina la lebo ya spini.

Kwa nini mistari ni mitatu na si mmoja? Elektroni haiko peke yake kabisa; sehemu ya muda wake inakaa juu ya naitrojeni, na kiini cha naitrojeni 14 nacho ni kisumaku chenye uwezo wa kusimama kwa namna tatu. Namna moja inauongeza kidogo ugasumaku ambao elektroni inauhisi, nyingine inaupunguza, na ya tatu inauacha ulivyo. Kadiri elektroni inavyokaa zaidi juu ya naitrojeni, ndivyo mistari inavyoachana. Shikeni sentensi hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mhadhara huu imejengwa juu yake.

Elektroni yetu inagawana makazi kati ya atomi mbili, naitrojeni na oksijeni. Wakemia huchora hali mbili. Katika ya kwanza elektroni pweke iko kwa oksijeni, na hakuna chaji iliyotengana. Katika ya pili elektroni pweke iko kwa naitrojeni, na hapo naitrojeni ina chaji chanya na oksijeni ina chaji hasi. Molekuli halisi ni mchanganyiko wa hali zote mbili, na mchanganyiko huo si wa kudumu. Ndani ya heksani, ambayo haina chaji za kutoa wala kupokea, hali ya pili haina wa kuituliza, hivyo elektroni inaegemea zaidi kwa oksijeni. Ndani ya maji, molekuli za maji zinaelekeza haidrojeni zao chanya kwenye oksijeni iliyo hasi na kuituliza, na hali ya pili inapata nguvu. Elektroni inasogea kuelekea naitrojeni, na mistari inaachana.

Inaachana kiasi gani? Kwa TEMPO, umbali kati ya mistari katika heksani ni kama gausi 15.3, na katika maji ni kama 17.3. Gausi mbili ndani ya ugasumaku wa 3,400. Mtu asiyeizoea kazi hii ataona ni kitu kidogo mno, lakini mistari ya naitroksidi ni myembamba na mashine nzuri husoma sehemu ya kumi ya gausi bila taabu. Kwa hiyo kati ya heksani na maji tuna ngazi nyingi za kutosha kupanga viyeyushi vyote vilivyomo kabatini.

Na watu walivipanga. Mwaka 1976 Knauer na Napier walichapisha orodha ndefu ya viyeyushi wakitumia naitroksidi nyingine ndogo, ile yenye makundi mawili ya butili, wakipendekeza umbali huo wa mistari uwe kipimo cha upolari wa kiyeyushi. Pendekezo zuri. Lakini ukiiweka orodha ya namna hiyo kando ya thamani za dielektriki za viyeyushi vilevile, mambo hayakai sawa, na ni hapo hasa panaponivutia. Chukua asetoni na klorofomu. Asetoni ina thamani ya dielektriki ya karibu 21. Klorofomu haifiki 5. Kwa hesabu ya kitabuni asetoni ingepaswa kuachanisha mistari zaidi. Kinyume chake ndicho kinachotokea: klorofomu inaipita asetoni. Ethanoli, yenye thamani 24 au 25, inaipita dimethili salfoksidi yenye 47. Fomamidi ina thamani ya 109, kubwa kuliko ya maji, ambayo ni 78. Hata hivyo maji yanaiacha nyuma bila ubishi.

Kinachoeleza fujo hii ni kifungo cha haidrojeni. Asetoni na dimethili salfoksidi zina chaji zilizotengana vizuri, ila hazina haidrojeni ya kumpa mtu. Klorofomu ni dhaifu kwa dielektriki, lakini haidrojeni yake moja, ikivutwa na klorini tatu nyuma yake, iko tayari kushikana na oksijeni ya naitroksidi. Ethanoli inatoa haidrojeni. Maji yanatoa mbili, tena molekuli zake ni ndogo, zinaweza kuizunguka oksijeni kwa karibu. Thamani ya dielektriki inaeleza jinsi kiyeyushi kizima, kikiwa ndoo nzima, kinavyouitikia uga wa umeme. Elektroni yetu haijui habari za ndoo nzima. Inajua molekuli mbili tatu zilizoigusa. Binafsi naona neno upolari limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Afadhali mtu aandike wazi kwamba anazungumzia uga wa umeme wa jumla, au anazungumzia kutoa haidrojeni, asichanganye mawili hayo kwenye namba moja halafu akashangaa mstari wa grafu haunyooki.

Kuna ushahidi wa pili wa habari hiyohiyo, na huo hauhitaji mashine ya mamilioni. Myeyusho wa TEMPO katika heksani una wekundu wa chungwa. Katika maji umeelekea kwenye manjano. Elektroni zilizotulia kwenye oksijeni, zikishikwa na haidrojeni za maji, zinahitaji nishati zaidi kuruka ngazi inayofuata, kwa hiyo mwanga unaofyonzwa unahamia upande wa buluu na macho yetu yanaona rangi nyingine. Ngazi hiyohiyo ndiyo inayoamua thamani ya g, yaani mahali ambapo spektra nzima inasimama katika ugasumaku. Ngazi ikipanda, g inashuka: kutoka kama 2.0061 katika heksani hadi kama 2.0056 katika maji. Tofauti ni tarakimu tano kwenye nafasi ya nne ya desimali, ila itatufaa baadaye. Kwa sasa ikumbukwe hivi: maji yanaachanisha mistari na, papo hapo, yanaisogeza yote kuelekea ugasumaku mkubwa.

Sasa gliseroli. Mstari wake wa tatu uliolala hauhusiani na upolari hata kidogo. Hapa jambo ni mwendo. Naitroksidi haina umbo la mpira, na elektroni haihisi kiini cha naitrojeni kwa usawa kutoka pande zote. Ugasumaku ukipita kwenye mhimili mmoja wa molekuli, mistari inaachana kwa gausi 33 hadi 37. Ukipita kwenye mihimili mingine miwili, ni gausi 6 au 7 tu. Jumlisha tatu hizo ugawe kwa tatu, utapata 15 hadi 17, yaani zilezile tulizopima. Mnaona kilichotokea. Ndani ya maji molekuli inajigeuzageuza kwa kasi kubwa hivi kwamba mashine inaona wastani tu, kama pangaboi la dari likiwa kwenye namba ya tano: huoni mapanga, unaona duara. Punguza kasi, mapanga yanaanza kujitokeza. Simamisha, unayahesabu.

Ndani ya maji TEMPO hujigeuza ndani ya muda wa pikosekunde chache hadi makumi machache. Gliseroli katika joto la chumba ina mnato wa karibu mara elfu moja kuliko maji, na wastani haukamiliki tena. Mstari wa upande wa ugasumaku mkubwa ndio unaoumia wa kwanza, na wanafunzi hupenda kuuliza kwa nini huo na si mwingine. Sababu ni kwamba kuna tofauti mbili za mielekeo zinazofanya kazi kwa pamoja, ya g na ya naitrojeni. Upande wa ugasumaku mdogo zinapunguzana; katikati, ile ya g ipo peke yake; upande wa ugasumaku mkubwa zinajumlishana. Kutokana na urefu wa mistari mitatu na upana wa ule wa katikati mtu anaweza kukadiria muda wa kujigeuza, almuradi mwendo uwe bado wa kasi. Myeyusho ukipoa zaidi hadi gliseroli kuwa ngumu mithili ya kioo, hesabu hiyo rahisi inavunjika, na spektra inakuwa na vilima viwili vya nje vilivyoachana gausi sabini hivi, na vurugu katikati. Kwa hali ya kati, isiyo ya haraka wala ya kusimama, tunategemea nadharia iliyojengwa kwa miaka mingi na Jack Freed na wenzake wa Cornell, na kompyuta.

Ninasisitiza habari ya gliseroli kwa sababu ni mtego. Mtu anapima umbali kati ya vilima vya nje, anapata kubwa, anaandika kwamba lebo imo mahali penye maji mengi. Kumbe lebo imebanwa tu haigeuki. Mwingine anaona mistari imekaribiana anasema ni mafuta, kumbe wastani haukukamilika na mistari imevutwa isivyo. Upolari na mnato vyote vinagusa mahali pa mstari mara mwendo unapokuwa wa polepole. Njia za kuvitenganisha zipo mbili: ama uhakikishe mwendo ni wa kasi kabisa, ama uugandishe kabisa. Katikati ni kwa wenye subira na programu nzuri.

Upana nitaupitia kwa haraka. Oksijeni ya hewani nayo ina elektroni mbili pweke, na kila inapoigonga lebo mistari inapanuka. Viyeyushi vya mafuta hubeba oksijeni nyingi kuliko maji: maji yaliyokaa na hewa yana kama milimoli 0.26 kwa lita, heksani ina kama mara kumi ya hiyo. Kwa hiyo myeyusho wa heksani usiotolewa hewa una mistari minene, na mtu asiyejua atailaumu heksani. Pitisha naitrojeni au agoni kwa dakika kadhaa, mistari inakonda, na kwa baadhi ya lebo utaona vijistari vidogo vya haidrojeni za methili vikijitokeza ndani yake. Lebo zenyewe pia hugongana: ukizidisha kiasi, mistari mitatu inapanuka, inaegemeana, na mwisho inakuwa mmoja. Kaa chini ya milimoli moja kwa lita, vizuri zaidi sehemu ya kumi ya hiyo. Na maji yana kero yake ya ziada, kwa maana yanafyonza mawimbi ya maikro, jambo ambalo kila mwenye oveni ya maikrowevu jikoni analijua. Ukijaza bomba la kawaida kwa maji, mashine haitatulia. Ndiyo sababu ya vijirija vyembamba, au kisanduku bapa cha kwazi chenye nafasi ya sehemu ya milimita.

Hadi hapa ni kemia ya chupa. Faida yake kubwa ilionekana pale watu walipoacha kuuliza lebo inasemaje kuhusu kiyeyushi tunachokijua, wakauliza inasemaje kuhusu kiyeyushi tusichoweza kukiona. Mwaka 1968 Wayne Hubbell na McConnell walitia TEMPO kwenye sampuli za neva na misuli. TEMPO inapenda mafuta, na maji pia haiyachukii, kwa hiyo iligawanyika: nyingine ikaingia kwenye utando wa seli, nyingine ikabaki nje majini. Katika spektra, mstari wa ugasumaku mkubwa ulipasuka ukawa na vilele viwili, kimoja cha mafuta na kimoja cha maji. Mistari mingine miwili haikupasuka vizuri hivyo, na sasa mnaweza kueleza wenyewe sababu yake. Maji yanashusha g, yakisogeza mistari yote juu kwa karibu robo tatu ya gausi au zaidi kidogo. Papo hapo yanaachanisha mistari kwa karibu gausi mbili. Kwenye mstari wa juu athari mbili zinajumlishana. Kwenye wa chini zinapingana. Zile tarakimu za nafasi ya nne ya desimali ndizo zilizofanya kipimo hiki kiwezekane kwa mashine ya kawaida.

Baada ya hapo ilibaki kulinganisha urefu wa vilele viwili. Mwaka 1973 Shimshick na McConnell walipasha joto tando za lipidi wakitazama kilele cha mafuta kikikua. Lipidi yenye minyororo miwili ya palmitiki, kwa mfano, huwa imekakamaa chini ya nyuzi 41 za selsiasi na kulainika juu yake. Ikilainika, TEMPO inaingia kwa wingi. Kwa njia hiyo wakachora ramani za namna lipidi mbili tofauti zinavyochanganyika au kutengana. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa kitu kilichokuwa kinaonekana kuwa usumbufu wa kiyeyushi.

Lakini TEMPO inaelea. Haikwambii iko wapi hasa ndani ya utando. Ndipo zikatumika asidi za mafuta zilizopachikwa lebo mahali maalumu kwenye mnyororo: kaboni ya 5, ya 7, ya 10, ya 12, ya 16. Kichwa cha asidi kinakaa karibu na maji, na lebo inaning'inia kwenye kina kinachojulikana. Mwaka 1974 Griffith, Dehlinger na Van walizitumia kuchora umbo la kizuizi cha mafuta ndani ya utando, na picha waliyoipata iliwasumbua waliokuwa wakichora utando kama mafuta matupu kati ya safu mbili za vichwa. Maji yanapenya. Karibu na vichwa yapo ya kutosha kuonekana waziwazi na lebo, na yanapungua kadiri unavyoelekea katikati. Kazi za Derek Marsh zilizochapishwa mwaka 2001 ziliupa mteremko huo namba na umbo la hesabu.

Kolesteroli ndiyo iliyonivutia zaidi katika habari hii yote. Mwaka 1994 Subczynski, Kusumi, Hyde na wenzao walipima tando zenye kolesteroli nyingi na zisizo nayo, zote zikiwa zimegandishwa ili mwendo usiharibu usomaji. Kwenye tando zenye kolesteroli, upolari haukushuka polepole. Ulikaa juu, kisha kati ya kaboni ya tisa na ya kumi ukaanguka ghafla, hadi katikati ya utando pakalingana na heksani tupu. Hapo kwenye kaboni ya tisa na ya kumi ndipo mapete magumu ya kolesteroli yanapofikia mwisho wake. Upande wa vichwa kolesteroli inawatenganisha majirani na kuacha nafasi ya maji. Upande wa ndani inayafungia nje. Dutu ileile moja inafanya mambo mawili yanayopingana ndani ya umbali unaopungua nanomita mbili, na tumelijua hilo kwa kuangalia elektroni inaegemea atomi ipi.

Hata ile oksijeni tuliyoifukuza kwa naitrojeni ilirudishwa kazini. Mwaka 1990 Altenbach, Marti, Khorana na Hubbell walichukua bakteriorodopsini, protini ya zambarau ya vijidudu vipendavyo chumvi kali, wakabadilisha asidi amino zake moja moja kutoka ya 125 hadi ya 142, na kila mara wakapachika lebo hapo. Kila lebo waliigongesha na vitu viwili: oksijeni, ambayo inapenda kukaa ndani ya mafuta, na kampaundi ya kromu isiyotoka majini. Mahali oksijeni ilipogonga kwa wingi palikuwa panaangalia mafuta. Pale kromu ilipofika palikuwa nje kwenye maji. Migongano ya oksijeni ilipanda na kushuka kwa mpigo wa karibu asidi amino tatu na nusu, ambao ndio mpigo wa mzunguko mmoja wa heliksi. Umbo la protini lilisomwa bila kuiotesha fuwele.

Tatizo la kuchanganya uga wa umeme na kifungo cha haidrojeni bado halikuwa limekwisha. Kwa mashine ya gausi 3,400 yote mawili yanaonekana kwenye namba moja. Suluhisho lilikuja na sumaku kubwa. Kwenye gigahetzi 95 na ugasumaku wa karibu tesla 3.4, ambao unahitaji koili za mpitishomkuu zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika, tofauti za g zinakuzwa mara kumi huku za naitrojeni zikibaki vilevile. Sasa unazo namba mbili badala ya moja: thamani ya g kwenye mhimili wa kifungo cha naitrojeni na oksijeni, na umbali wa mistari kwenye mhimili wa tatu. Ukizichora moja dhidi ya nyingine, viyeyushi vinavyotoa haidrojeni vinajipanga kwenye mstari wao, na visivyotoa vinajipanga kwenye mwingine wenye mwinamo tofauti. Kwa njia hiyo, mwaka 2000, Steinhoff, Möbius na wenzao nchini Ujerumani waliipitia njia ya protoni ndani ya bakteriorodopsini hatua kwa hatua, wakiona inavyokuwa na unyevu kwenye milango na ukavu ndani.

Jambo la kupendeza zaidi huonekana kwenye spektra za aina hiyo zikichunguzwa kwa karibu. Kile kilele cha upande wa g kubwa wakati mwingine si kimoja. Ni viwili, au vitatu vilivyoegemeana: kimoja cha naitroksidi zisizo na kifungo chochote cha haidrojeni, kimoja cha zenye kifungo kimoja, kimoja cha zenye viwili. Katika joto la chumba vifungo hivyo hufungwa na kufunguliwa haraka mno, tunaona wastani tu, na wastani huo ndio uliotufanya tuamini upolari ni ngazi laini isiyo na vipandio. Kwenye baridi kali vipandio vinaonekana, na unaweza kuhesabu ni sehemu gani ya lebo iko kwenye kipi.

Naongeza tahadhari kwa wale watakaokwenda maabara. Maji yakiganda hutengeneza barafu, na barafu haitaki wageni: inazisukuma lebo zikusanyike pembeni, zinagongana, spektra inaharibika. Kwa hiyo watu huongeza gliseroli ili maji yagande kama kioo. Lakini gliseroli nayo ina haidrojeni tatu za kutoa, na ikiwa lebo yako inaangalia nje kwenye maji, umeshaibadilishia jirani kabla hujaanza kupima. Pimeni na gliseroli kwa viwango viwili au vitatu tofauti, mwone namba inaelekea wapi, na mwandike kiwango hicho pamoja na halijoto kwenye jedwali lenyewe, si kwa herufi ndogo chini yake.